Kwa nini dhambi zetu tunaziona nyepesi

Mleta mada ameuliza kama mtu anaweza kujihukumu kwa haki, au kila mmoja atajipendelea tu. Nimekaa miaka mingi kwenye vikao vya kusuluhisha wanandoa na ndugu waliokosana, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona huko.

Mtu akieleza kosa la mwenzake huanza na maumivu: aliambiwa nini, mbele ya nani, alilia vipi. Akifika kwenye lake, huanza na sababu. Nilikuwa nimechoka, alinichokoza, shetani alinipitia. Wala hadanganyi! Sababu zake anazijua kwa kuwa aliishi nazo. Za mwenzake hazijui. Hapo ndipo mizani inapopinda, hata kwa wacha Mungu.

Mfano ninaourudia sana ni wa mfalme Daudi. Alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Nabii Nathani akamsimulia habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira: huyo anastahili kufa, tena alipe mara nne. Ndipo Nathani akamwambia kuwa mtu huyo ni yeye. Daudi hakukosa dhamiri wala ujuzi wa sheria. Alihukumu vizuri kabisa, ilimradi hajajua kesi ni yake.

Kwa hiyo huwa namwomba mtu asimulie upya kisa chake akisimama upande wa aliyeumizwa. Kaka mmoja alitumia fedha za urithi za wadogo zake, na kila mara alisema alizikopa. Alipojaribu kusimulia kama mdogo wake wa mwisho, aliyeacha shule kwa kukosa ada, alikwama katikati. Kisha akauliza aanze kulipa vipi.

Kuna ukwepaji mwingine, nao ni mgumu kuushtukia: kujilaani kwa jumla. "Mimi ni mwenye dhambi, sifai kitu." Unasikika kama toba, lakini haumtaji aliyekosewa wala kinachodaiwa. Mimi siukubali. Nataka nisikie: nilifanya nini, kwa nani, nitarudisha nini.

Umaskini na malezi mabaya? Vihesabiwe, tena kwa huruma, lakini deni liko palepale.

Angalizo: zoezi hilo la kusimulia upya usimpe mtu aliyepigwa au kunyanyaswa, ambaye sasa anajilaumu. Huyo tayari amebeba dhambi isiyo yake; asaidiwe kwanza kuirudisha kwa aliyeitenda.