Mwisho wa riwaya yako usiwafiche

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, pamoja na zile kurasa nne za muhtasari wa riwaya yako ulizoambatisha. Hapa nyumbani sote hatujambo. Baba yako anakusalimu, anasema usilale na njaa kwa ajili ya kazi.

Umeniuliza mambo mawili. Mswada una kurasa mia tatu na ushei, mchapishaji anataka muhtasari wa ukurasa mmoja: utaubana vipi? Na kwa nini umweleze mpaka mwisho, ilhali utamu wa riwaya ni msomaji kutojua itaishaje?

Nianze na hilo la pili. Nimekaa kwenye vikao vya wahariri tangu hujazaliwa mpaka nilipostaafu. Mswada ukiletwa, anayeusoma wote huwa ni mtu mmoja au wawili. Siku ya kuamua, mezani wanakuwapo wengine: mtu wa mauzo, mhasibu, pengine mwenye kampuni mwenyewe. Hao mswada wako hawajaufungua hata ukurasa wa kwanza. Walicho nacho mkononi ni muhtasari, na wanataka kujua kama mwandishi ameweza kuimaliza hadithi aliyoianza. Sasa wewe, kuhusu Zuhura, mhusika wako mkuu, umewaandikia, "Je, Zuhura atafanikiwa?" Mhariri anayekutetea akiulizwa swali hilo hilo atajibu nini? Maneno ya kumtamanisha mtu ni ya jalada la nyuma, yakamngoje msomaji dukani. Hawa wanatia fedha zao. Waambie Zuhura amepata nini na amepoteza nini.

Sasa kubana. Kurasa zako nne nimezisoma kwa makini. Umetaja kila kilichomo kwa mpangilio wa sura: msiba, matanga, safari ya Tanga mjini, harusi ya binamu, ugonjwa wa jirani. Matukio yamepanga foleni, lakini moja halimzai mwenzake. Ndiyo maana unahisi hakuna la kukata.

Ikumbuke *Kusadikika* ya Shaaban Robert uliyoisoma shuleni. Mle mna wajumbe sita, kila mmoja na safari yake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Ukisimulia safari moja moja utajaza daftari. Lakini kinachoibeba hadithi ni kesi. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa visa vya wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine na waliporudi wakatiwa kifungoni. Mfalme anamwachia huru, na wajumbe nao wanafunguliwa. Basi. Wote sita wameingia kwa mkupuo, kama ushahidi wa Karama.

Kesi yako wewe ni jahazi ambalo Zuhura anataka kulimaliza. Kwa hiyo kila tukio liulize: lisingekuwapo, Zuhura bado angeiweka nyumba rehani? Harusi ya binamu haipiti hapo. Najua itakuuma, maana usiku ule wa taarabu ndiyo sura uliyoiandika vizuri kuliko zote, na mimi nimeisoma mara mbili. Ibaki kitabuni. Kwenye muhtasari haina kazi.

Umeanza hivi: "Katika mji mkongwe wa Pangani, ambako mto hukutana na bahari na kusi hunong'ona katika minazi, aliishi binti mmoja..." Nimejaribu kuiandika namna nyingine, uone:

"Zuhura, binti wa fundi majahazi wa Pangani, anafiwa na baba yake na kuachiwa jahazi ambalo halijakamilika, pamoja na deni la mbao. Ami yake, Mbwana, anataka mbao ziuzwe deni lilipwe. Zuhura anakataa. Ili apate fedha za kulimaliza jahazi, anaiiba hati ya nyumba sandukuni mwa mama yake na kuiweka rehani kwa mkopeshaji."

Umeona, hapo sura saba zimekwisha. Mtu mmoja anataka jambo, mwingine anamzuia, naye anachukua hatua asiyoweza kuirudisha nyuma. Nimetumia wakati uliopo na nafsi ya tatu, ingawa kitabuni Zuhura anajisimulia mwenyewe. Ndivyo wahariri walivyozoea. Majina yasizidi matatu au manne. Mkopeshaji ni mkopeshaji, jina lake halimsaidii mtu.

Kuna jambo moja limenisumbua, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye ukurasa wa tatu umeandika, "Siku moja mama anagundua." Anagundua vipi kwamba hati imeibwa? Nikarudi kwenye mswada, nikakuta jirani kapita tu akasema. Hapo kasoro si ya muhtasari, ni ya riwaya. Sehemu iliyokuwa ikutoe machozi umeikabidhi kwa mpita njia. Wewe ulidhani umeshindwa kufupisha, kumbe sababu yenyewe haikuwapo.

Je, kama mama angelifungua sanduku mwenyewe? Anamwona mwanawe anavyohangaika na deni, moyo unamlainika, anaamua kumpa ile hati kwa hiari yake. Anainua kanga moja baada ya nyingine, hati haipo. Hapo wizi wa Zuhura ndio unaomkosesha radhi ya mama, na tena alichoiba kilikuwa njiani kuja kwake. Riwaya ni yako, uamuzi ni wako. Ila ukikubali, sura ya kumi na nne itabidi uiandike upya kabla ya kutuma chochote, na mchapishaji umwombe wiki mbili. Hawakatai kwa hilo.

Mwisho uandike kama ulivyo kitabuni, bila kuupamba: jahazi linashushwa majini, nyumba inachukuliwa, mama anahamia kwa Mbwana na hasemi na mwanawe. Sentensi mbili zinatosha.

Uangalie pia maelekezo yao vizuri. Wengine wanahesabu maneno badala ya kurasa, wengine wanataka na sura tatu za mwanzo. Ukimaliza niletee kwanza mimi, pamoja na sura ya kumi na nne. Nina hamu kubwa ya kumwona huyo mama akilifungua sanduku.

Nakupenda sana, mwanangu.

Mama