Anti, mbona karantini iliwakaa vibaya Waalbania?

SWALI: Shikamoo anti. Tunabishana hapa na mwenzangu kuhusu ile karantini ya korona ya 2020. Mimi nasema watu wa Albania iliwachanganya kichwa kweli kweli, yeye anasema acha porojo bana, dunia nzima ilifungiwa ndani, wao wana nini cha ajabu? Tuamulie.

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajakosea kote, maana hata WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema 2022 kwamba wasiwasi na sonona ziliongezeka kama asilimia 25 duniani mwaka wa kwanza wa korona. Ila mwambie aangalie kalenda ya Waalbania kwanza.

Tarehe 26 Novemba 2019, alfajiri watu wamelala, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.4 likapiga upande wa miji ya Durrës na Thumanë, wakafa watu 51, wengi wakafukiwa na nyumba zao wenyewe. Maelfu wakabaki hawana pa kukaa, wengine mahemani, wengine wakahifadhiwa kwenye hoteli za ufukweni, na tetemeko dogo dogo zikawa zinarudi rudi, taa ya dari ikicheza kidogo tu mtu keshakurupuka yuko kwenye ngazi. Sasa mtu wa hivyo, haijapita hata miezi minne, Machi 2020 anaambiwa ingia ndani, funga mlango, usalama uko humo humo! Jana nyumba ilitaka kumuua, leo ndio kimbilio. Na wale wasio na nyumba je, waliambiwa wakae ndani ya nini?

Halafu amri zenyewe zilikuwa kali, wasikudanganye. Wikendi ya kwanza ya kafyu ndefu watu walifungiwa saa 40 mfululizo, toka Jumamosi saa saba mchana mpaka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Kwenda dukani mpaka uombe kibali kwenye mfumo wa serikali wa e-Albania, mmoja tu kwa familia, tena kwa muda mfupi. Hapo mimi nawafikiria wazee, mzee wa watu hajui simu wala intaneti ataomba vipi huo mfumo?

Na kule mgahawa wa kahawa sio anasa, ndio kijiwe. Mtu anakaa na kikombe kimoja saa nzima anatoa yote ya moyoni, jioni wanatoka kutembea taratibu mtaani, xhiro wanaita, babu na wajukuu wote. Kwenda kwa mwanasaikolojia wengi wanaona soni, watasema fulani kawa chizi, kwa hiyo kahawa na xhiro ndio vilikuwa matibabu yao, na vyote vikafungwa kwa mpigo. Ongeza na Italia sasa. Waalbania chungu nzima wana ndugu kule, na TV ya Kiitaliano wameizoea miaka na miaka, kwa hiyo yale malori ya jeshi yaliyobeba majeneza ya wafu wa korona kwenye mji wa Bergamo kule Italia wao hawakuyaona kama habari za mbali, mtu anaangalia huku anampigia dada yake simu haipokelewi.

Kwa hiyo mbishi wangu, umeshinda wewe, ila usimtambie sana.

SWALI: Anti mimi nauliza, baada ya kufunguliwa si yaliisha? Kwa nini mtu aendelee kukosa usingizi?

JIBU: Hayaishi kwa tangazo mpenzi. Mwili ukishazoea kukaa chonjo miezi, unabaki chonjo hata hatari ikiondoka, moyo unadunda usiku bila sababu, mtu anakuwa mkali kwa watoto, anaogopa msongamano. Kinachochosha zaidi ni kutojua lini itaisha, maana siku zikiongezwa ongezwa akili inashindwa kujipanga. Wengi hurudi sawa taratibu wakianza tena kulala saa ileile, kupata jua asubuhi, kuonana na watu uso kwa uso, na kupunguza zile habari za usiku. Aliyepitia na tetemeko anaweza kuhitaji zaidi ya hapo, hasa kama bado anaota nyumba inaanguka au anakwepa kuingia ghorofani. Zikipita wiki mbili mtu hali chakula, hapati usingizi, hana hamu na chochote, apelekwe kwa daktari, na akianza kusema bora nife basi msingoje hizo wiki mbili, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.