Intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo Kisumu: mambo ya kumuuliza ajenti kabla hujalipa

Dada aliyeuliza amehamia Migosi, ana watoto wawili wa shule, mwenyewe anafanya kazi ya kuandika sauti kuwa maandishi mtandaoni, na bando za simu zinammaliza. Anataka kujua ni kampuni gani inatoa intaneti isiyo na kikomo kweli, maana kila ajenti anayebisha mlangoni anaapa kuwa yake ndiyo. Mimi nimekaa na laini za nyumbani hapa Kisumu kwa miaka, kwanza Mamboleo na sasa Kanyakwar, na kazi yangu ya kuhariri video hupitisha faili nzito kila wiki. Niruhusuni nijibu kwa urefu.

Dada, ajenti akikuambia "haina kikomo" anamaanisha kwamba laini haitakatwa katikati ya mwezi. Kuhusu spidi hajakuahidi chochote. Kampuni nyingi zina sera wanayoiita ya matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani cha data ndani ya mwezi, spidi inashushwa hadi siku ya kulipia tena. Safaricom ilitangaza viwango vya aina hiyo kwa wateja wake wa faiba ya nyumbani mwaka 2020. Watu walinung'unika, lakini naona afadhali hivyo, kwa sababu kikishatangazwa mteja anajua anachonunua. Shida ni pale kiwango kipo lakini kimezikwa kwenye masharti ambayo ajenti mwenyewe hajawahi kuyafungua.

Kuna kampuni niliyokuwa nayo Mamboleo, jina naliacha, iliyokuwa na tabia hiyo. Mwanzo wa mwezi laini ilikwenda vizuri mno. Mwezi ukielekea mwisho, YouTube inajishusha yenyewe hadi picha ya ukungu, huwezi kusoma namba iliyo mgongoni mwa mchezaji, na faili ya mteja niliyoanza kuipakia jioni naikuta asubuhi haijafika hata nusu. Nikipiga simu huduma kwa wateja, naambiwa nizime ruta kisha niwashe. Nazima, nawasha, hakuna kitu. Ni fundi aliyekuja kuangalia waya ndiye aliyenieleza waziwazi kwamba akaunti imevuka kiwango na imeshushwa hadi megabiti moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliuliza swali hilo kabla ya kulipa, nikajibiwa kiwango hakipo.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo utajua kama kiwango cha kampuni kinakuhusu au hakikuhusu. Spidi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Laini ya megabiti 10 ikifanya kazi mfululizo bila kupumua inashusha megabaiti 1.25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 108 kwa siku, au 3,240 kwa siku 30. Hakuna nyumba inayofika huko kwa kutazama na kusoma tu. Netflix wenyewe wanasema video ya HD inakula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ile ya 4K hadi 7. Watoto wako wakitazama HD saa tatu kila siku, hiyo ni kama gigabaiti 270 kwa mwezi. Ongeza mpira wa wikendi, simu za video kwa nyanya yao, simu zote za nyumbani zinazojisasisha usiku, na kazi yako ambayo kusema kweli ni nyepesi kwa sababu sauti haina uzito wa video. Sidhani utapita gigabaiti 600. Kampuni ikikuambia kiwango chake ni gigabaiti 1,000, kwako wewe hiyo haina kikomo. Ikikuambia 200, utaanza kuumia kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ajenti ni mawili kwa pamoja: spidi inashuka nikifika gigabaiti ngapi, na inashuka hadi ngapi? Laini inayoshuka kutoka megabiti 30 hadi 5 bado inaweza kubeba video moja ya HD na kazi yako kando. Inayoshuka hadi 1 ni ya WhatsApp na barua pepe. Mwambie akuandikie jibu kwa ujumbe wa WhatsApp, usiridhike na mdomo. Kama anasitasita kuandika, umeshapata jibu lako. Hili si kumsumbua mtu. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi ipasavyo kile anacholipia, na ukizungushwa kabisa, Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya wateja ambao kampuni imeshindwa kuwasikiliza.

Kuna kikomo kingine ambacho hakimo kwenye masharti yoyote: msongamano wa jioni. Faiba inayoingia mitaani kwetu mara nyingi ni ya kugawana. Waya mmoja kutoka kwenye kituo cha kampuni, wenye uwezo wa karibu megabiti 2,500 za kushusha, unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hiyo haina ubaya, maana nyumba zote haziwezi kuvuta kwa nguvu sekunde ileile. Ubaya unakuja kampuni inapouza laini nyingi kuliko uwezo iliokodi wa kuitoa data nje ya mji. Saa nne asubuhi utaona spidi yote uliyoahidiwa. Saa tatu usiku, watu wamekula na mechi inaendelea, unabaki na robo. Zile kampuni ndogo zinazorusha intaneti kwa antena kutoka paa hadi paa huathirika zaidi, ingawa nimewahi kukaa na moja iliyokuwa safi kabisa kwa sababu mwenyewe alikataa kuongeza wateja kwenye mnara uliokuwa umejaa. Watu wa namna hiyo wapo, na wanastahili pesa yetu.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni kuwauliza majirani wa ploti yako, si wa mtaa mwingine. Kampuni ileile inaweza kuwa nzuri Milimani na mbovu Kondele, kulingana na kisanduku gani cha nguzoni nyumba yako imeunganishwa. Nenda kwa jirani mwenye laini saa tatu usiku, muombe achomeke kompyuta kwenye ruta kwa waya, apime spidi kwa tovuti ya fast.com na pia kwa ile ya Speedtest. Kwa waya, kwa sababu kuta za mawe za nyumba zetu zinaimeza Wi-Fi, hasa ile ya 5 GHz, na utailaumu kampuni bure. Hiyo fast.com ni ya Netflix na inapima kupitia seva zao, kwa hiyo ikionyesha namba ndogo sana huku Speedtest ikionyesha kubwa, kuna uwezekano video zinabanwa peke yake. Angalia pia spidi ya kupakia. Kwa kazi yako haina uzito sana, ila kwa sisi wa video ndiyo yenye kutuua.

Keateka naye aulizwe mapema. Ploti nyingine mwenye nyumba ameshakubaliana na kampuni moja na hataki mafundi wa nyingine watoboe ukuta, kwa hiyo unaweza kuchagua wee, halafu ukakuta uchaguzi ulishafanywa.

Visanduku vya 5G na 4G vya nyumbani nitavipita haraka. Vinafaa pale faiba haijafika au unapohama mara kwa mara, lakini masharti ya matumizi ya haki huko huwa makali zaidi, na spidi inategemea dirisha lako linatazama wapi.

Setilaiti ni habari nyingine. Starlink iliingia Kenya mwaka 2023, na kwa wazazi wetu walio ndani ndani huko Vihiga au Siaya, ambako nguzo ya faiba haitafika karibuni, nimeona ikibadilisha mambo. Nilimsaidia mjomba kufunga yake karibu na Chavakali. Kazi kubwa ilikuwa mikaratusi: ile sahani inataka anga wazi, na tawi moja linatosha kukata simu ya video kila dakika chache. Mvua zetu za alasiri, zile nzito zenye radi, nazo huidhoofisha kwa muda. Inakula stima kuliko ruta ya faiba, kwa hiyo mwenye sola ndogo apige hesabu. Nayo pia si kisima kisicho na mwisho: mwishoni mwa 2024 waliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Kwa mtu wa Migosi aliye na faiba mlangoni, mimi ningeanza na faiba.

Kuhusu radi na stima, hili ni la kwetu kabisa. Nunua betri ndogo ya volti 12 ya kuchomeka ruta, zinauzwa madukani mjini, maana stima ikipotea faiba yenyewe mara nyingi bado iko hai na kazi inaendelea. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani. Na ukitaka kujua tatizo ni la nani kabla ya kupiga simu, tazama ruta: taa iliyoandikwa LOS, ile ya kuonyesha mawimbi ya faiba yamepotea, ikiwaka nyekundu, waya umekatika au umepinda mahali, hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia, waambie hivyo moja kwa moja watume fundi. Taa zikiwa sawa na nchi nzima inalalamika, huenda ni nyaya za baharini, kama tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika na kampuni nyingi zikapooza. Siku kama hiyo usibadilishe kampuni.

Jambo la mwisho ni mkataba. Lipia mwezi mmoja tu kwanza, hata wakikupa punguzo la miezi sita, na uutumie mwezi huo kwa nguvu zote ili ukikutana na kiwango ukutane nacho mapema. Ukishapata majibu ya maandishi kutoka kwa kampuni zinazofika ploti yenu, yabandike hapa pamoja na kipande cha masharti, nitayasoma na kukuambia naona nini.