Skeli ya ramani: urefu unapatikana, eneo linakataa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, juzi kaleta karatasi ya mtihani yenye ramani ya skeli 1:50,000. Swali la kwanza barabara ina sm 4 kwenye ramani, akajibu km 2, kapata. La pili shamba la mkonge lina eneo la sm 6 za mraba kwenye ramani, akajibu km 3 za mraba, kakosa. Nimekaa naye tumerudia hesabu tunapata 3 ileile. Skeli si ni moja? Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mzazi mwenzangu, na hongera kwa kukaa naye chini, wengi wanaangalia maksi tu basi.

Jibu ni km 1.5 za mraba, ila usimpe kwanza, mwache achore. Chukueni daftari la hesabu lile la vimraba, achore mraba wa sm 1 kwa sm 1, halafu muulize huu upande wa chini ukienda ardhini ni urefu gani, atasema sm 50,000 yaani m 500, nusu kilomita. Sawa. Na upande uliosimama je? Nao m 500. Basi hapo ndo penyewe: kale kamraba kadogo ardhini ni m 500 kwa m 500, unapata m 250,000 za mraba, na kilomita moja ya mraba ina m 1,000,000 za mraba, kwa hiyo kamraba kamoja ni robo ya kilomita ya mraba na sio nusu. Shamba lina vimraba sita, robo sita ni 1.5. Kwa lugha ya wakulima ni hekta 150, ekari kama 370 hivi.

Nyie mlichukua nusu kilomita mkazidisha kwa 6, maana yake skeli mmeitumia upande mmoja tu, ule wa pili mkausahau. Skeli ni ileile kweli, haijabadilika, ila yenyewe ni ya urefu, na eneo lina urefu mara mbili ndani yake, kwenda na kupanda, kwa hiyo skeli inaingia mara mbili. Kwenye ujazo inaingia mara tatu.

Mimi darasani naonyesha kwa fotokopi. Nendeni stesheneri yoyote mwombe wakuze karatasi ya A4 iwe A3, mashine itaandika 141%. Sasa ukiweka A4 mbili ubavu kwa ubavu unapata A3 kamili, karatasi imekuwa mara mbili, mbona mashine inasema 141 na sio 200? Kwa sababu inasema habari za urefu, sm 29.7 imekuwa 42 na sm 21 imekuwa 29.7, kila upande umezidishwa kwa 1.41 hivi, na 1.41 mara 1.41 ni karibu kabisa na 2. Mngebonyeza 200% mngehitaji karatasi ya A4 nne. Mtoto akishika hizo karatasi kwa mkono wake hasahau tena, nimeona kwa wanafunzi wangu miaka yote.

Na hapohapo kuna mtego mwingine ambao unaniuma kwa sababu mtoto anaonewa: ramani ikikuzwa na fotokopi, yale maandishi ya 1:50,000 yanabaki vilevile lakini si kweli tena. Ikikuzwa 141% skeli yake halisi inakuwa kama 1:35,000. Ule mstari wenye vipande vya kilomita chini ya ramani ndo unabaki sahihi maana nao umekua pamoja na ramani, kwa hiyo mfundishe aulinganishe na rula kabla hajaanza kupiga hesabu.

Sasa nikuombe umpime kitu kimoja zaidi, maana mara nyingi tatizo limeanzia chini kuliko ramani. Mwambie picha ina upana sm 4 na urefu sm 6, tunaikuza upana uwe sm 10, urefu utakuwa ngapi? Akijibu 12, ujue anajumlisha, ameona 4 imeongezeka 6 ikawa 10 basi naye kaongeza 6 juu ya 6. Jibu ni 15, kwa sababu 10 ni 4 mara mbili na nusu, na 6 nayo lazima iende mara mbili na nusu. Usimkemee, kujumlisha ndo kitu alichokizoea tangu chekechea. Mchoree mistatili yote mitatu, 4 kwa 6, 10 kwa 12, na 10 kwa 15, yote ianzie kona moja ya chini kushoto, halafu apige mstari kwa rula kutoka kona hiyo kupitia kona ya juu kulia ya ule mdogo na auendeleze. Mstari utapita kwenye kona ya ule wa 10 kwa 15, ule wa 10 kwa 12 utaukosa. Huo wa 12 umekaribia kuwa mraba, mtu kwenye picha angetoka amebonyea.

Ila asije akazidisha kila kitu. Mashati 3 yakikauka kwa saa 2 juani, mashati 6 kamba ileile jua lilelile ni saa 2 vilevile. Na mafundi 4 wakijenga ukuta siku 6, mafundi 8 wa kasi ileile ni siku 3, sio 12. Kabla ya kalamu ajiulize hiki kikiongezeka kile kinafanyaje.

Zoezi la wikiendi: ramani ya nyumba ina skeli 1:100, chumba kwenye karatasi ni sm 4 kwa sm 3, marumaru ni za sm 40 kwa 40, zinaingia ngapi? Chumba ni m 4 kwa m 3, jibu ni 75. Kisha mwambie fundi alisoma vibaya, skeli ilikuwa 1:50. Chumba kinakuwa m 2 kwa m 1.5, kwa eneo ni marumaru 18.75, ila fundi atachukua 20, safu nne za tano tano, na zile tano za safu ya mwisho zikatwe. Kabla hajapiga hiyo ya pili muulize anategemea zipungue mpaka nusu au mpaka robo, na kwa nini.