Kamera ya mtumba: Canon 700D au Nikon D3300?

Kwa kuwa ndiyo unaanza na umesema unataka zaidi picha za watu, mimi ningechukua 700D, ingawa D3300 ina megapikseli 24 dhidi ya 18. Sababu ni lenzi. Bodi ya D3300 (kamera yenyewe bila lenzi) haina mota ya fokasi, yaani ya kuizungusha lenzi hadi picha iwe kali, kwa hiyo zile lenzi za zamani za Nikon za AF na AF-D (zinazotegemea mota ya bodi), ambazo ndizo za bei chee, utazungusha fokasi kwa mkono. Kwa Canon, karibu lenzi yoyote ya EF (aina ya lenzi zake), hata ya miaka ya 90, inafokasi yenyewe. Tafuta lenzi ya 50mm f/1.8, inatosha kabisa.

Ukienda kuiona, beba memori kadi yako. Weka f/16 (tundu la lenzi liwe dogo), piga ukuta mweupe: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa (sehemu inayonasa picha), hilo linasafishika. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi (huku pwani zimejaa), iache hata muuzaji akishusha bei. Na usisahau kuuliza chaja.