Jibu: Namba za sanamu zangu za G.I. Joe zinagongana

Salaam mkuu. Umezipa sanamu zako za G.I. Joe (askari wadogo wa plastiki wa kuchezea) namba kwa mwaka (82-01, 82-02) na sasa mbili zinafanana namba ila mikono tofauti.

Mwaka uliochapwa nyuma ni wa haki miliki, si wa kutengenezwa. Sanamu za 1982 zilirudi sokoni 1983 na mikono inayozunguka juu ya kiwiko. Kwa hiyo anza kukagua mkono, kisha mwaka uliochapwa.

Namba isibebe maana yoyote: 0001 na kuendelea, usiirudie hata ukiuza. Jina, toleo, mkono, hali na sanduku viwe safu zake. Kwenye Excel ifanye safu ya namba kuwa maandishi kabla hujaanza, la sivyo 0001 inageuka 1 na majina ya picha ulizozipa namba hizo hayaoani tena.

Bunduki na mikoba zifuate namba ya sanamu yake: 0047-a, 0047-b. Kifaa usichojua ni cha sanamu ipi, kiweke mfuko wa pembeni; usibahatishe.

Stika usibandike kwenye plastiki, gundi huacha doa. Karatasi ndani ya mfuko wa zipu yatosha.

Ongeza safu ya oringi, yaani pete ya mpira iliyo ndani ya sanamu. Mpira huo ukikatika, kiuno na kifua vinaachana, na ulioubadilisha si wa asili tena.