Funga hiyo chupa ya spiriti, vumbi la machimbo huenda limechorwa

Mkuu, funga hiyo chupa kwanza ndipo uendelee kusoma. Umesema una mchoro wa zamani wa rangi ya mafuta, machimbo ya mawe ufukweni, watu wakiwa kazini, umekuwa wa njano na unataka kuufuta mwenyewe kwa pamba na spiriti. Umeuliza pia fremu gani iufae na pa kuutundika. Nakujibu la spiriti, maana mchoro wa aina hiyo ninao, na nimeuharibu kwa mikono yangu.

Wangu bahari ilikuwa imegeuka kijani na mawe yamekuwa rangi ya chai. Hapo kosa ni la vanishi kweli. Vanishi ni utando mwangavu unaopakwa juu ya mchoro kuulinda, na ile ya utomvu wa miti kama dama au mastiki hupiga njano ikizeeka, bluu ikaonekana kijani na nyeupe ikaonekana kahawia. Nilianzia angani, pembeni. Pamba ikatoka njano, bluu ikafunguka, nikafurahi mno, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Nikashuka hadi kwenye machimbo. Mbele ya ukuta wa mwamba palikuwa na ukungu wa kijivu. Nikasema uchafu wenyewe ndio huu, nikasugua.

Haukuwa uchafu. Lilikuwa vumbi la mawe! Mchoraji alilipaka kwa rangi nyepesi sana juu ya mwamba uliokwisha kukauka, ili uone kwamba jiwe linavunjwa saa hiyo hiyo. Nilipolifuta, ukuta ukabaki mtupu kama machimbo yaliyohamwa. Na pamba hiyo hiyo ilikuwa imeshapita kwenye kamba ya winchi na kwa watu wawili waliokuwa wakisukuma jiwe. Mmoja amebaki miguu tu. Kila nikiutazama macho yangu yanakwenda kwenye ile miguu.

Mara nyingi anga na mwamba hupakwa mapema. Watu, kamba, minyororo, vumbi na saini ya mchoraji huja mwisho, vyembamba, na mara nyingine rangi yake imechanganywa na utomvu ule ule wa vanishi. Kinachoyeyusha vanishi kinavibeba navyo.

Aliyeniuzia spiriti aliniapia kwamba rangi ya mafuta ikishakauka haiyeyuki. Akanitolea mfano wa "Zamu ya Usiku", mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, kwamba watu waliuona wa usiku kwa sababu ya vanishi iliyokuwa imeingia giza, hadi uliposafishwa. Mfano ni wa kweli, lakini ile kazi ya 1946 na 1947 ilifanywa na mafundi wa makumbusho, waliojaribu kidogo kidogo. Hilo hakulisema, na bado namkasirikia. National Gallery, jumba la michoro la London, yenyewe ililaumiwa hadharani kwa kusafisha michoro yake kupita kiasi, mwaka 1846, na tena 1947. Sasa mimi na wewe na pamba zetu?

Na anayekushauri viazi au kitunguu, mpuuze. Masalia yake yanabaki kwenye nyufa na kuita kuvu.

Kanuni yangu ni moja: usifute kitu kabla hujajua nani alikiweka, mchoraji au miaka. Chukua lenzi, mwanga uupige kutoka ubavuni. Uchafu hutanda kila mahali, hadi angani, na hukoma pale fremu ilipokuwa imefunika. Vumbi la mchoraji huanzia nyundo inapopiga, hupita nyuma ya mtu huyu na mbele ya yule, na huelekea unakokwenda moshi na yanakoelekea matanga ya mashua. Ukiwa na tochi ya mionzi ya urujuanimno (UV), vanishi kuukuu ya utomvu hung'aa kijani kijani gizani. Huo mwanga usikupe ujasiri wa kushika pamba, utakuonyesha tu vanishi ilipo. Kufuta mwachie fundi wa kuhifadhi michoro.

Piga picha ya karibu ya pale mbele ya mwamba uiweke hapa, tuone matanga yameelekea wapi.